Uzi: Kurundika sifa nyingi katika zao moja. Muhogo wetu wa Tanga unahitaji kinga mbili, si moja

Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Jumamosi iliyopita niling'oa shina la kwanza katika robo eka ya muhogo niliyoipanda mwaka jana huko Mkanyageni, hapa Muheza. Juu ya ardhi shina lile halikuwa na kasoro. Majani yalikuwa mapana na ya kijani, hayakukunjamana hata kidogo, kwa sababu mbegu niliyoinunua niliambiwa ina kinga ya batobato, na kweli batobato haikuigusa. Nikaulaza mzizi mmoja juu ya gogo, nikaukata katikati kwa panga. Ndani ya nyama nyeupe palikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome, mengine madogo kama punje ya mtama na mengine yakiwa yameungana kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nikakata wa pili, nikakata wa tatu. Kati ya mizizi saba ya shina lile, ni miwili tu iliyofaa kuingia sufuriani.

Aliyeniuzia mbegu ile simtaji, wala sidhani kwamba alinidanganya. Mbegu yake ilikuwa na kinga moja, na shamba langu lilihitaji kinga mbili.

Naandika uzi huu kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu jinsi wataalamu wanavyojaribu kuweka sifa kadhaa katika mmea mmoja kwa uhandisi jeni, yaani kuingiza jeni (maelekezo ya urithi yanayobeba sifa) moja kwa moja ndani ya mmea, na naona kwamba katika mijadala yetu watu hubishana kuhusu kukubali au kukataa bila kueleza kazi yenyewe inafanyikaje na inakwama wapi.

Nianze na magonjwa. Batobato na michirizi ya kahawia yote huletwa na virusi, na yote husambazwa na nzi weupe pamoja na pingili zilizokatwa kwenye shina lenye ugonjwa. Lakini virusi vyake ni vya koo tofauti kabisa, kwa hiyo mmea unaoweza kupambana na kimoja hauna lolote la kukiambia kingine. Batobato mkulima huiona mapema, kwa kuwa majani hujikunja na kupata madoa ya njano. Michirizi, ile iliyoozesha mizizi yangu, ni ya kificho, maana shina huweza kusimama vizuri hadi siku ya kung'oa. Tena michirizi yenyewe husababishwa na virusi vya spishi mbili, kwa hiyo hata mtu akikuambia kwamba ana mbegu yenye kinga ya michirizi, bado una haki ya kumuuliza ni kinga dhidi ya kipi kati ya hivyo viwili.

Watu wengi hudhani kwamba wazo la kukusanya kinga katika shina moja lilitoka Marekani. Kwa upande wa uhandisi jeni, huenda ni sawa. Kwa upande wa muhogo, wazo hilo lilifanyiwa kazi juu ya mlima tunaouona kutoka hapa mjini. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baadaye kikawa chini ya Waingereza. Ni hapo ambapo mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa mara ya kwanza kitaalamu, mwaka 1936. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walitafuta kinga ya magonjwa yote mawili katika aina zote za muhogo walizozipata, na walipoona haitoshi wakageukia jamaa wa muhogo wa porini, hasa mpira wa Ceará, mti uleule ambao Wajerumani waliupanda katika nchi hii kwa ajili ya utomvu wake.

Chotara wa kwanza alikuwa na kinga lakini mizizi yake ilikuwa myembamba, isiyo na wanga wa maana. Ikabidi apandishwe tena na muhogo, na mtoto wake apandishwe tena, hadi mara tatu, na kila mara miche ichaguliwe upya ili isipoteze kinga wakati inarudisha unene wa mzizi. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1957 ilipofungwa. Mfikirie mtu anayefanya hivyo kwa zao linalokaa ardhini karibu mwaka mzima kabla hujajua kilichomo ndani.

Nitaendelea chini. Anayejua zaidi yangu anirekebishe.

Mwanafunzi wa Kilimo

Shikamoo mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Naomba ufafanuzi kwenye jambo moja. Darasani tunafundishwa kwamba jeni huingizwa katika seli ya mmea kwa kutumia bakteria wa udongo. Nikishaingiza jeni ya kwanza na mmea ukakua, ya pili inaingiaje? Je, ni kurudia kazi ileile, au kuna njia ya kuziingiza zote kwa pamoja?

Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ndilo moyo wa jambo lenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Njia iliyozoeleka zaidi katika mahindi ni kupandishana. Kila jeni huingizwa katika mstari wake, yaani ukoo wake wa mimea, kisha mistari hiyo hupandishwa hadi zote zikutane. Mahindi ya SmartStax, yaliyoidhinishwa Marekani na Kanada mwaka 2009, yana jeni nane: sita dhidi ya wadudu na mbili za kuvumilia dawa za magugu. Hayakutengenezwa kwa mpigo mmoja. Ni mistari minne iliyokwisha kubadilishwa, ikapandishwa.

Ugumu wa njia hiyo ni hesabu. Chukua mimea miwili ambayo kila mmoja una nakala moja ya jeni unayoitaka. Watoto wao watakaopata nakala mbili, yaani wale watakaoirithisha bila kupungua, ni mmoja katika kila wanne. Jeni zikiwa mbili, na kila moja iko mahali pake, ni mmoja katika 16. Zikiwa tatu ni mmoja katika 64, nne ni mmoja katika 256, na tano ni mmoja katika 1,024. Ndiyo maana mkulima anayehifadhi punje za mahindi chotara ya namna hii na kuzipanda msimu unaofuata hawezi kupata shamba lenye sifa zote. Sifa hutawanyika, huyu akapata mbili, yule tatu, mwingine asipate hata moja. Anayenunua mbegu kila mwaka halioni tatizo hilo, lakini mkulima wetu anayeweka punje zake juu ya dari la jiko ataliona msimu wa kwanza tu.

Njia ya pili ndiyo uliyoitaja, ya kurudia kazi kwenye mmea uleule. Inawezekana, ila kila awamu ya maabara hula muda na huuchosha mmea, na kwa muhogo nitaeleza baadaye jinsi uchovu huo ulivyoleta hasara. Ya tatu ni kuingiza jeni kadhaa kwa wakati mmoja zikiwa vipande tofauti na kutumaini kwamba zitatua katika seli moja, jambo ambalo hutokea, ingawa huwezi kuchagua zitue wapi na kwa nakala ngapi.

Ya nne ndiyo ninayoiona kuwa na maana zaidi. Jeni zote hupangwa katika kipande kimoja kama shanga katika uzi mmoja, na kipande hicho ndicho kinachoingizwa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia na wenzao walitangaza kwamba wamepanga hivyo jeni tano za kinga dhidi ya kutu ya shina katika ngano, na kwa kuwa zilikaa mahali pamoja zilirithiwa zote kama jeni moja. Ile hesabu ya mmoja katika 1,024 ikarudi kuwa mmoja katika wanne. Hata hivyo kuna tahadhari. Kila jeni inahitaji swichi yake ya kuiwasha, na ukitumia swichi ileile mara nyingi katika kipande kimoja, mmea huweza kuitambua kama kitu kigeni kinachojirudia na kuizima. Kwa hiyo shanga zinapaswa kuwa za rangi mbalimbali.

Sasa muhogo. Sisi hatupandi mbegu ya ua, tunapanda pingili, na kila pingili ni mama yake mtupu. Sifa zikishaingia hazitawanyiki tena, na kwa hilo muhogo ni rahisi kuliko mahindi. Lakini ukiupandisha na mwingine, mtoto hafanani na mama, na ile aina ya Kibandameno tunayoipenda haitarudi kamwe kuwa Kibandameno, hata ukipandisha mara kumi. Kwa hiyo ukitaka kuongeza sifa bila kuipoteza aina yenyewe, huna budi kuziingiza moja kwa moja ndani ya aina hiyo.

Mkulima wa Lushoto

Mwalimu, nachangia kutoka milimani. Huku kwetu kilio ni cha viazi mviringo na ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Msimu wa ukungu mtu anapulizia dawa kila wiki, na mvua ikinyesha saa mbili baadaye anarudia. Nimeshika majani asubuhi yakiwa mazima na jioni yamepigwa weusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Kinachohusiana na uzi wako ni hiki. Karne iliyopita wazalishaji walitoa kinga kutoka kiazi mwitu cha Mexico, wakaingiza jeni moja katika aina moja, nyingine katika aina nyingine, na vimelea vya bakajani vikazishinda moja baada ya nyingine. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha viazi, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, wakachukua jeni tatu kutoka kwa viazi mwitu wa spishi mbili na kuziingiza kwa pamoja katika aina ya Victoria, ambayo wakulima wa Uganda walikuwa wameshaizoea. Katika mashamba ya majaribio viazi hivyo vilisimama bila kupuliziwa dawa ya ukungu.

Nasisitiza kwamba waliingiza katika Victoria. Kiazi kina seti nne za kromosomu, na ukipandisha, mtoto anaweza kuwa kitu kingine kabisa. Kama wangepata kinga kwa kupandisha na kiazi mwitu, wangehitaji miongo kadhaa kuondoa uchungu na vijiazi vidogo vilivyokuja navyo. Na jeni zenyewe zimetoka kwa viazi. Mimi kwa hilo sina hofu.

Mama Muhogo wa Pangani

Nawasalimu wote. Mimi nauza muhogo wa kuchemsha na wa kukaanga, mwaka wa kumi na sita sasa. Nasoma maelezo yenu na nayaheshimu, lakini naomba mwalimu anijibu kama mteja wangu angemuuliza. Zililetwa mbegu kijijini kwetu, mradi siutaji, tukaambiwa zinazaa sana na hazipati ugonjwa. Zilizaa kweli. Nilipochemsha, muhogo ulikaa jikoni hadi kuni zikaisha na katikati bado una uzi mgumu, hauvunjiki, hauna ule unga unaojitokeza pembeni ya chungu. Wateja walikula siku moja, siku ya pili wakapita kwa jirani. Nikarudi kwenye muhogo wangu wa zamani unaooza nusu, kwa sababu ile nusu nyingine inauzika.

Mnaporundika hizo sifa, utamu unawekwa shanga ya ngapi?

Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Mama, asante sana. Ningependa kila mtafiti alisome swali lako kabla hajaingia maabara.

Nikujibu kwa mfano wa pamba. Burkina Faso walianza kulima pamba yenye jeni mbili za kujikinga na funza wa vitumba mwaka 2008. Jeni zilifanya kazi yake, wadudu walipungua, na wakulima walipunguza kupulizia dawa. Lakini jeni zile zilikuwa zimetolewa katika aina ya Kimarekani na kuhamishiwa kwa kupandishana katika aina za Burkina Faso, zilizokuwa na sifa kubwa sokoni kwa urefu wa nyuzi zake. Baada ya miaka kadhaa kampuni za pamba zikaona kwamba nyuzi zimekuwa fupi na pamba yao inashushwa daraja. Mwaka 2016 nchi ile ikaachana na pamba hiyo. Sifa mbili ziliongezwa na moja ikapotea, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikileta fedha.

Kwa hiyo, Mama, utamu si shanga ya kuongezwa, maana ule unga, ule wepesi wa kuiva na ile harufu hutokana na jeni nyingi mno zilizokwisha kukutana katika aina za bibi zetu, na hakuna anayeweza kuzipanga katika kipande kimoja. Utamu ni uzi wenyewe ambao shanga zinatungwa. Ndiyo sababu nasema kila mpango wa kurundika sifa katika muhogo wa pwani uanze kwa kuchagua shina ambalo wewe na wateja wako mmeshalikubali, na hiyo kinga ifuate hapo.

Nitoe pia mfano unaonipa matumaini. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi walivyoingiza katika muhogo jeni mbili kutoka mmea mdogo wa maabara, moja ya kuvuta madini ya chuma kutoka udongoni na nyingine ya kuyahifadhi. Katika shamba la majaribio mizizi ilipata chuma mara 7 hadi 18 zaidi ya muhogo wa kawaida, na zinki mara 3 hadi 10. Zilihitajika zote mbili, maana chuma kinachovutwa bila mahali pa kuwekwa huweza kuuchoma mmea. Kwa watoto wa Pwani wanaoshindia muhogo, jambo hili si dogo.

Afisa Ugani, Mkinga

Naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Kurundika jeni kuna sababu nyingine zaidi ya kupambana na magonjwa mawili, nayo ni kulinda jeni moja isichoke.

Afrika Kusini walianza kulima mahindi yenye jeni ya kuua bungua mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa jeni moja. Mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba bungua wa mabua wamezoea sumu ile na wanakula mahindi kana kwamba hakuna kitu. Ikabidi ije mbegu yenye sumu mbili zinazomshambulia mdudu kwa njia tofauti. Hoja yake ni rahisi. Tuseme katika kila wadudu elfu moja yupo mmoja anayeweza kustahimili sumu ya kwanza, na katika elfu moja yupo mmoja anayestahimili ya pili. Anayestahimili zote mbili atakuwa mmoja katika milioni. Lakini hesabu hiyo husimama kwa masharti. Sumu zote mbili ziwe na nguvu kamili tangu mwanzo, na shambani kuwe na mistari ya mahindi ya kawaida ambako wadudu wasio sugu wataendelea kuishi na kuzaana na wale wachache walio sugu. Huko India wadudu wa pamba walizoea kwanza jeni moja na baadaye hata mbegu ya jeni mbili, kwa kuwa mistari ya pamba ya kawaida haikupandwa kama ilivyoagizwa.

Kwa upande wa sheria, sisi Tanzania tuna kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Ziliweka dhima kali sana, yaani wajibu wa kubeba hasara yoyote hata bila kosa, kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuanza jaribio la shambani, hadi ziliporekebishwa mwaka 2015 kwa upande wa utafiti. Mwaka uliofuata jaribio la mahindi ya kustahimili ukame likaanza Makutupora, Dodoma. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza lisimamishwe. Wenzetu wa Kenya waliondoa mwezi Oktoba 2022 katazo lao la miaka kumi, na kabla ya hapo, Juni 2021, mamlaka yao ilikuwa imeshaidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ukinzane na michirizi ya kahawia.

Nawakumbusha kwamba kutoka ofisini kwangu hadi Horohoro si mbali, na mafungu ya pingili huvuka mpaka juu ya pikipiki bila cheti chochote. Kwa hiyo huu si mjadala wa nchi za mbali. Ni bora tuwe na wataalamu wetu wanaoweza kuupima muhogo huo na kutuambia ukweli wake, kuliko kukutana nao shambani bila kuutambua.

Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Afisa, nakushukuru. Huo muhogo wa Kenya ndio niliouahidi hapo juu, na historia yake inanigusa kuliko yote niliyoyasoma.

Kinga yake hufanya kazi hivi. Mmea una ulinzi wake wa asili wa kukatakata ujumbe wa kinasaba wa virusi vinavyouingia, ila virusi vya michirizi huushinda kwa kasi. Watafiti walichukua vipande vya jeni ya gamba la virusi, kutoka katika zile spishi mbili nilizozitaja, wakaviunganisha na kuviweka ndani ya muhogo. Mmea ukawa umeshaonyeshwa sura ya adui kabla hajafika. Hapo walikuwa wamerundika kinga mbili katika kipande kimoja.

Walitaka kupata na ya tatu bila kuifanyia kazi. Walichagua aina ya TME 204 kwa sababu yenyewe ilikuwa na kinga ya asili ya batobato. Wazo lilikuwa la busara, kwamba shina lina kinga ya batobato mkononi, tuliongezee ya michirizi. Ili kuingiza jeni, ilibidi vipande vya mmea virudishwe kuwa rundo la seli zisizo na umbo, kisha seli hizo zioteshwe upya kuwa mimea. Mimea ilipotoka, kinga ya michirizi ilikuwepo na ile ya batobato ilikuwa imetoweka. Jeni iliyoingizwa haikuwa na kosa, maana hata mimea iliyooteshwa kwa njia hiyo bila kuingizwa chochote ilipoteza kinga. Safari ile ya kurudi kuwa seli na kuota tena ndiyo iliyoifuta. Mwaka 2016 walilieleza hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo. Ikabidi warudi kwenye kupandishana, ili mstari wenye kinga ya michirizi ukutanishwe na aina zenye kinga ya batobato.

Sasa nifikie kile kilichonifanya nisome usiku kucha. Katika utafiti uleule walijaribu aina nyingine zenye kinga za asili tofauti, ili waone ni ipi inayostahimili safari hiyo. Mojawapo ya zilizobaki na kinga yake ni TMS 30572 ya Nigeria. Nikafuata ukoo wake. Wazazi wake wanarudi kwenye shina lililoitwa 58308, lililokuzwa Nigeria kutokana na mbegu zilizotumwa kutoka Amani. Kinga iliyostahimili maabara za karne hii ni ileile ambayo Storey na Nichols waliitoa kwenye mti wa mpira, hapa kwetu, kwa brashi ya kuchavushia maua na subira.

Tena si huko tu ilikobaki. Kusini mwa nchi yetu wakulima wana aina iitwayo Namikonga, inayojulikana kwa kuvumilia michirizi. Wenzetu wa Kenya wana aina waliyoiita Kaleso. Vinasaba vilipolinganishwa ikaonekana kwamba ni kitu kimoja, mtoto wa Amani wa kizazi cha tatu. Kituo kilifunga kazi yake, nao wakulima wakaendelea kugawiana pingili kwa miaka yote hiyo bila kujua jina la aliyeichavusha.

Kwa hiyo ombi langu kwa watafiti wetu wa Mlingano, Kibaha na Mikocheni, na kwa wanaowapa ruhusa, ni la wazi. Majaribio ya shambani yaruhusiwe, yawekewe uzio na masharti, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili vijijini. Shina la kuanzia liwe Kibandameno, au Kiroba, au lolote ambalo Mama wa Pangani ataliridhia akishalichemsha, na kabla hata jeni moja haijaingizwa, shina hilo lipitishwe kwanza katika ile safari ya seli likiwa tupu, ili ijulikane linarudi na nini.

Mwanafunzi wa Kilimo

Mwalimu, nimejifunza hapa mengi ambayo sikuyapata darasani. Je, kwa sasa, kabla hayo yote hayajafika, ile robo eka yako umeifanyaje?

Mama Muhogo wa Pangani

Nami nasubiri jibu hilo, maana vuli inakaribia na mbegu sijapata. Na nikiitwa kuonja, nitakuja na chungu changu.

Mwalimu wa Muheza (mleta uzi)

Nimeng'oa yote. Mizizi mizima tumekula na kuanika makopa, iliyooza imekwenda kwa mifugo, na mashina yote nimeyachoma, hata yale yaliyoonekana mazuri, kwa kuwa pingili zake zingepeleka ugonjwa kwa jirani. Jirani huyo aliniomba mafungu mawili, nikamwonyesha mzizi uliokatwa, akaelewa.

Mama, vuli hii nitapanda Kiroba, kwa kuwa inavumilia michirizi ingawa haiizuii kabisa, na nitaitoa katika shamba la mzee mmoja wa upande wa Ngomeni. Tumekubaliana naye kwamba kila shina nitakalochukulia pingili litang'olewa kwanza na mizizi yake kukatwa mbele yetu sote wawili. Likiwa na doa hata moja, halitoki pale. Nikipata zinazozidi nitakuletea fungu Pangani, pamoja na mizizi yake, uichemshe wewe mwenyewe kabla hujapanda.

Miche itakapofika magotini nitarudi hapa kuwaeleza nilichokiona kwenye majani. Kilichomo ndani tutakijua mwakani.